Pimbi, Kiboko na Chumvi ya Mawinguni

Nije, nisije?

Njoo.

Nije na kweli au nije na uongo?

Njoo na vyote, tutachambua wenyewe.

Nije mbio au nije polepole?

Njoo polepole, hata sisi tumechoka.

Basi hapo kale, si kale ya mbali sana, kulikuwa na ukame. Jua likatoka, likakaa, likatua. Kesho yake likatoka, likakaa, likatua. Nyika ya Nyumbu ikakauka. Mto ukakauka. Vijito vya Miambani vikakauka. Maji yakabaki mahali pamoja tu, kwenye bwawa la Kiboko.

Kiboko alikuwa mkubwa, na alijua kwamba ni mkubwa. Alilala katikati ya bwawa, pua nje, mwili ndani, akipuliza maji, brruuu. Mnyama akija kunywa, Kiboko aliuliza neno moja, "Umetwanga?" Maana aliweka amri kwamba hakuna kunywa kabla ya kutwanga chumvi. Chumvi yenyewe ilitoka kwenye jabali ambalo zamani wanyama wote walilamba bila kuulizana. Sasa hakuna kulamba. Wakaipasua kwa kwato, twa, twa, twa. Wakaisaga mpaka ikawa laini kama vumbi. Wakaiweka mbele ya Kiboko, ndipo wakanywa, na walipomaliza kunywa walikuwa wamechoka kiasi kwamba kiu ilirudi kabla hawajafika kwao.

Na chumvi ilikuwa ya nini? Hapo ndipo Pimbi anapoingia.

Pimbi mnamjua, ni mnyama mdogo, ukimwona unadhani ni panya aliyesahau mkia wake nyumbani. Aliishi juu Miambani na mama yake. Karibu na pango lao palikuwa na kibanda cha bati ambamo watu wa utafiti walikaa zamani kuchunguza hali ya hewa, na watu hao walikuwa na kompyuta. Pimbi alipenda kukaa dirishani akiwatazama. Mmoja wao alipoona mnyama huyu haondoki, akaanza kumwonyesha. Hapa unaingiza upepo. Hapa unaingiza joto. Hapa unaingiza unyevu. Pimbi alikuwa amefika nusu ya kujifunza pale watu walipofungasha mizigo yao wakaondoka, na hakuna aliyemwambia ile nusu nyingine ataipata wapi. Kompyuta ikabaki, paneli za sola zikabaki juu ya bati, na Pimbi akabaki na nusu yake.

Kompyuta ilifanya kazi hivi. Ilikata anga vipande vidogo vidogo kama sega la nyuki, kisha ikajiuliza katika kila kitundu: hapa upepo unakwenda wapi, hapa pana unyevu kiasi gani, hapa pana baridi kiasi gani. Ikakokotoa, ngiii, ngiii, ngiii, ti. Ikachora anga ya kesho, na mahali ambapo mvua ingenyesha ikaweka doa la buluu. Haikuweza kuumba wingu. Wingu kama halipo, halipo. Lakini likiwapo wingu zito, lile linalobeba maji na kukataa kuyaachia, kompyuta iliweza kukuambia mahali pa kulinyunyizia chumvi laini. Maji hushika chumvi, matone hukua, huwa mazito, na hudondoka. Hayadondoki palepale. Hudondoka mbele, huko ambako upepo utakuwa umelifikisha wingu.

Kiboko alipopata habari hizo alimwita Pimbi. Tangu siku hiyo Pimbi akawa msomaji wa mashine, wanyama wengine wakawa watwangaji, na korongo, wale wenye mfuko shingoni, wakawa wabebaji wa chumvi hadi mawinguni. Kiboko akawa mwenye mvua.

Sasa sikilizeni upepo wa nchi ile. Hutoka mashariki. Hupita kwanza juu ya Nyika ya Nyumbu, kisha juu ya bwawa la Kiboko, kisha hupanda Miambani kwa kina Pimbi. Kwa hiyo, ili mvua inyeshe bwawani, chumvi ilipaswa kumwagwa juu ya Nyika. Pimbi akasema hivyo. Kiboko akaamuru. Korongo wakaruka, pa pa pa pa, wakamwaga chumvi juu ya Nyika, shaaa. Wingu likasogea polepole, likafika bwawani, likanyesha mpaka likaisha. Lilipofika Miambani lilikuwa kama kitambaa cheupe kilichokamuliwa, halina hata tone.

Likaja wingu jingine. Korongo wakaruka, pa pa pa pa. Chumvi ikamwagwa, shaaa. Bwawa likanywa, Miambani pakakauka. Ikawa hivyo kila mara wingu lilipokuja.

Mama yake Pimbi alikuwa mzee, magoti yamegoma, hawezi tena kushuka kwenda bwawani. Na Kiboko alikuwa amekataza mtu yeyote kuondoka na maji yake. Unakunywa, unaondoka. Basi Pimbi akawa anajibiringisha kwenye kina kifupi mpaka manyoya yanalowa kabisa, halafu anapanda mwamba mbio, ili mama yake alambe maji kwenye mgongo wake. Njiani jua lilichukua sehemu kubwa. Kilichobaki mama alilamba, akasema kimetosha, na wote wawili walijua hakikutosha.

Siku moja Kiboko akaliona jambo hilo. Akamwita Pimbi, akamwambia ajikung'ute kabla ya kuondoka. Pimbi akajikung'uta, prrr. Kiboko akamwambia tena. Prrr. Akamwambia tena, na safari hii akasogea karibu aone vizuri. Prrr. Pimbi akaondoka mkavu kama alivyokuja.

Kesho yake akaenda kuomba. Aliomba kwa adabu, amesimama pembeni, hata kivuli chake hakikugusa maji. Alisema anaomba wingu moja tu, moja katika yote yatakayokuja, liachwe linyeshe Miambani.

"Mawe hayana kiu," Kiboko akasema.

"Mama yangu yuko huko, bwana mkubwa."

"Ashuke."

"Hawezi kushuka."

"Basi atakuwa amezoea," Kiboko akasema, akazama.

Pimbi akabaki anazungumza na mapovu. "Ndiyo, bwana mkubwa," akayaambia mapovu. "Kama ulivyosema."

Akarudi kwenye kibanda chake cha bati. Hakuwa na hasira. Hasira inataka mwenye nguvu. Alikaa mbele ya kompyuta akaitazama tu picha ya anga, Nyika upande huu, bwawa katikati, Miambani upande ule. Juu ya Nyika palikuwa na alama ya chumvi, ileile aliyokuwa akiiweka siku zote. Akaisukuma kwa kidole, bila nia yoyote, ikatoka Nyikani ikaja mpaka juu ya bwawa. Mashine ikakokotoa, ngiii, ngiii, ngiii, ti. Doa la buluu likatoka bwawani, likapanda, likakaa Miambani.

Pimbi akairudisha alama Nyikani. Ngiii, ti. Doa likashuka bwawani. Akaisogeza bwawani. Ngiii, ti. Doa likapanda Miambani.

Akaenda pangoni kumweleza mama yake. Chumvi ikimwagwa juu ya kichwa cha Kiboko, mvua itanyesha juu ya vichwa vyao. Lakini korongo hawamtii Pimbi, wanamtii Kiboko, na Kiboko hatatoa amri ya kunyeshea mawe. Alieleza yote hayo huku amelala kifudifudi, kidevu juu ya jiwe.

Mama yake alisikiliza mpaka mwisho. Ulimi wake ulikuwa mkavu, kwa hiyo alichagua maneno machache.

"Huyo Kiboko anamwamini nani, mwanangu?"

"Hamwamini mtu, mama."

"Hata wewe?"

"Mimi ndiyo kabisa."

"Basi kazi yako nyepesi. Mwambie ukweli, halafu msihi asibadilishe kitu."

Asubuhi Pimbi akashuka bwawani. Alichagua saa ile ambayo wanyama wote wako pale wanatwanga, twa, twa, twa. Kongoni walikuwapo, swala walikuwapo, nyumbu walikuwapo upande wa pili, na korongo walisimama kwa mguu mmoja wakisubiri kazi. Pimbi akamwambia Kiboko kwamba amepita Nyikani na amepewa salamu. Nyumbu wanamshukuru sana bwana mkubwa kwa chumvi.

Kiboko akatoa masikio nje ya maji. "Chumvi ipi?"

Pimbi akaeleza kwamba korongo wakimwaga chumvi mawinguni, si yote hubaki huko. Punje nyingine huanguka. Sasa majani ya Nyikani yana ladha, na nyumbu wanayalamba wakitaja jina la bwana mkubwa. Hapo Pimbi alisema kweli na uongo pamoja. Kweli, punje mbili tatu huanguka njiani. Uongo, hakuna nyumbu aliyeona ladha yoyote. Nyumbu wa wakati ule walikuwa wanakula majani bila hata kuyatazama.

"Chumvi yangu," Kiboko akasema.

"Yako, bwana mkubwa."

"Kwa nini inamwagwa kwao?"

Na Pimbi akamwambia ukweli wote, taratibu, kama alivyofundishwa dirishani. Kwamba chumvi inahitaji muda. Kwamba wingu halisimami kungoja, linakwenda na upepo. Kwamba linanyunyiziwa huku ili linyeshe kule. Alieleza vizuri sana, hata swala mmoja aliyekuwa anatwanga akasimama kusikiliza. Lakini Kiboko alishika neno moja tu, nalo ni lile lake mwenyewe, "kwao."

"Imwagwe hapa," akasema. "Juu ya kichwa changu."

"Usifanye hivyo, bwana mkubwa. Mashine inasema ikimwagwa hapa huenda mvua ikakupita."

"Mashine inasema huenda. Mimi sisemi huenda."

Pimbi akasihi. Akapiga magoti kwenye tope akasihi tena, kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa pili, asije mtu akasema baadaye kwamba hakusihi. Kila alivyosihi, Kiboko alizidi kupata uhakika. Akamuuliza analipwa nini na nyumbu. Akamuuliza tangu lini panya asiye na mkia akampangia yeye mahali pa kumwaga mali yake. Kongoni wakacheka kidogo, si kwa sababu ilichekesha, ila Kiboko alikuwa anawatazama. Kisha akamgeukia mkuu wa korongo akamuuliza kama amesikia. Korongo akajibu kwamba kwa sauti ile, hata angelala angesikia.

"Ndiyo, bwana mkubwa," Pimbi akasema, akainuka na tope kwenye magoti. "Kama ulivyosema."

Halafu ikabidi kungoja wingu. Amri ilikuwapo, chumvi ilikuwapo, wingu halikuwapo. Jua likatoka, likakaa, likatua. Mama yake Pimbi akaacha kuzungumza. Pimbi alishuka kila siku, akanywa, akajikung'uta, prrr, akapanda, akafungua mashine, akatazama anga tupu ndani na anga tupu nje. Jua likatoka, likakaa, likatua.

Hatimaye likaja. Lilitoka mashariki, kubwa, jeusi kwa chini, zito kama ng'ombe mwenye mimba. Pimbi akaingiza upepo, akaingiza joto, akaingiza unyevu, akaweka alama ya chumvi juu ya bwawa. Ngiii, ngiii, ngiii. Mashine ilikawia kuliko siku zote. Ti. Doa la buluu likatokea Miambani, lakini lilikuwa hafifu. Mashine ilisema huenda, na huenda yenyewe ilikuwa imepita nusu kidogo tu. Pimbi akasugua kioo kwa kiganja kama ni vumbi. Halikuwa vumbi. Pengine katika ile nusu ambayo hakufundishwa mlikuwa na namna ya kulikoleza doa hilo, lakini hakuijua, na hapakuwa na wa kumuuliza.

Kiboko alikuwa amesimama katikati ya bwawa, kichwa juu, mdomo wazi. Korongo wakaruka, pa pa pa pa. Wingu lilipofika juu ya kichwa chake wakafungua mifuko, na kwa kuwa aliamuru imwagwe juu yake hasa, mkuu wa korongo akahakikisha. Shaaa. Nyingine ikaingia winguni, nyingine ikaingia machoni mwa Kiboko, nyingine ikaingia mdomoni. Akapiga chafya moja, maji yakaruka mpaka kwa kongoni.

Wingu likapita.

Kongoni mmoja mzee akauliza kwa upole kama mvua imekwisha kuja.

"Inakuja," Kiboko akasema, amefumba macho.

"Wingu limepita, bwana mkubwa."

"Nimesema inakuja."

Pimbi hakungoja kuona. Alikuwa anapanda mwamba, wingu juu yake, yeye chini yake, wote wawili wanakwenda polepole. Alipofika pangoni mama yake alikuwa amefumbua jicho moja. Pimbi akaketi karibu naye, ubavu kwa ubavu, wakatazama juu. Wingu lilikuwa limefika kwao. Lilikuwa limekaa tu, jeusi, halifanyi kitu.

"Ndilo hilo?" mama akauliza.

"Ndilo."

"Mbona limenyamaza?"

"Mashine ilisema huenda, mama."

"Haya, tungoje. Hatuna safari."

Wakangoja. Upepo ukavuma, ukaacha. Ukingo wa wingu ukaanza kusogea upande wa pili, kama mgeni anayeaga. Pimbi akaona jua linachungulia nyuma yake, akainamisha kichwa. Alifikiri, nimemdanganya Kiboko, nimepiga magoti kwenye tope, na mama yangu atakufa akitazama wingu.

To.

Tone lilianguka kwenye jiwe, likakauka kabla hawajaligeukia.

To, to.

Kisha to to to to, kwenye mawe, kwenye bati la kibanda, kwenye paneli, kwenye pua ya mama. Haikuwa mvua ya kuimbiwa. Haikufanya mito. Ilinyesha kwa uvivu, ikajaza mashimo ya miamba, yale yanayotosha mnyama mdogo kuingiza mdomo, ikakatika. Mama yake Pimbi akajivuta mpaka kwenye shimo la karibu akanywa. Hakushukuru. Akanywa tena. Akanywa tena, kisha akalaza shavu palepale kwenye ukingo wenye maji, akalala usingizi. Pimbi akasubiri mpaka akaona mbavu za mama yake zinapanda na kushuka vizuri, ndipo akanywa na yeye. Kufurahi pia kulitaka nguvu, akaahirisha.

Kesho yake akaitwa bwawani. Kiboko alikuwa na macho mekundu, na wanyama wote walikuwa wameacha kutwanga wasikilize. Akamuuliza Pimbi amefanya nini. Pimbi akajibu kwamba amefanya alichoambiwa, na kama kuna aliyesikia vingine aseme. Kongoni wakasema hawakusikia vingine. Korongo wakasema hawakusikia vingine. Nyumbu, ambao hawakuulizwa, wakasema hata wao.

Kiboko akawatazama wote mmoja mmoja. Angeweza kusema nilikosea. Maneno yenyewe ni mafupi. Lakini mdomo wake, pamoja na ukubwa wake wote, haukuwa na nafasi ya maneno hayo.

"Chumvi ilikuwa kidogo," akasema. "Safari ijayo muongeze."

Wakaongeza. Wingu likaja, korongo wakaruka, pa pa pa pa, shaaa, likapita, likanyesha Miambani. Kiboko akasema chumvi bado kidogo. Wakaongeza. Wingu likaja, likapita, likanyesha Miambani. Majani yakaanza kuota katikati ya mawe. Swala wakawa wa kwanza kuhama, maana wao ni wepesi. Kongoni wakafuata. Nyumbu wakapita bwawani bila hata kusimama. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kama ametwanga. Bwawa likapungua, likawa dimbwi, na maji yake yakawa na ladha ambayo Kiboko mwenyewe alikunja uso akiyanywa. Kutwanga kukabaki kwake. Alikanyaga chumvi mwenyewe kwa miguu yake mizito, du, du, du, akawaita korongo, na korongo wakaja wakabeba, kwa sababu nao siku hizi walikuwa wanakunywa Miambani.

Siku moja mkuu wa korongo alitua karibu na kibanda cha bati, akakunja mbawa. Alikuwa amechoka. Akamtazama Pimbi aliyekuwa anaingiza upepo wa siku hiyo kwenye mashine.

"Dada Pimbi," akasema, "hivi hutamwambia?"

"Nilimwambia, mbele yenu wote."

"Hakusikia."

"Akiniuliza, nitamwambia tena. Nitamweleza kila kitu, hata kama ni mpaka jioni."

Korongo akageuza shingo akatazama chini. Kiboko alikuwa amesimama kwenye tope, mdomo wazi kuelekea juu, anaiamuru anga.

"Hajauliza," Korongo akasema.

"Hajauliza," Pimbi akasema, akabonyeza, ngiii, ngiii, ngiii.

Sasa fundisho, maana hadithi isiyo na fundisho watu wazima huirudisha. Fundisho ni hili, wadogo zangu: mtiini mkubwa wenu. Akisema mwaga hapa, mwageni hapa hapa, msiongeze la kwenu wala msipunguze. Mkimsihi, msihini mara chache, na mbele ya watu. Ulimwengu huu umejengwa na watiifu, na wakubwa wote watawaambia hivyo.

Hadithi imefika, imeketi. Aliyeielewa asinieleze, aliyelala asiamshwe.